Tulivyomposa Binti wa Hema Lisilo Letu

Aibu hii ni yangu peke yangu na simgawii mtu. Pale mtaani kwetu Kabeza, Kigali, inasimuliwa tayari, kila mmoja na chumvi yake (kuna anayesema tulikula mpaka keki ya watu, mwongo huyo, keki haikuwa imekatwa), kwa hiyo nimeona heri niiandike mwenyewe, kwa mkono huu ulioishia darasa la nne kule Ngara, Tanzania, tulikokulia ukimbizini, kuliko kuachia midomo ya watu inishonee nguo bila kunipima.

Mimi ni fundi cherehani. Jina langu Verediana, lakini mtaani wananiita Bibi Fabrice, kwa jina la mjukuu wangu niliyemlea tangu ana meno mawili, na nasema wazi bila kuona haya kwamba hakuna kijana kama yule kuanzia mlangoni kwangu mpaka uwanja wa ndege. Fabrice ndiye aliyeninunulia simu ya kupangusa. Dada yake Diane ndiye aliyenifundisha kutafuta vitu kwenye intaneti, maana nilikuwa nataka mishono mipya na wateja walishaanza kunichoka na mabega yangu ya zamani.

Siku ya kwanza niliandika "gauni". Diane akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, gauni gani? Dunia nzima ina magauni. Andika gauni la kitenge, mikono mirefu, la mama mnene." Nikaandika, na kweli, akatokea mama mnene ndani ya kitenge, mikono mirefu, amesimama kama vile alikuwa akinisubiri. Basi, tangu hapo nikajiona nimehitimu. Diane alinieleza na mengine, nikayasikia kwa sikio moja: kwamba simu inakuletea kwanza kilicho karibu na pale uliposimama hata kama si chako, kwamba jina ulifungie ndani ya vialama vya kunukuu lisitawanyike, kwamba uongeze mtaa, uongeze wilaya, na ukiletewa takataka uziondoe kwa kile kistari cha kutoa. "Bibi, intaneti haikujui. Usiongee nayo kama jirani yako." Nikawa naitika ndiyo, ndiyo, huku natafuta tundu la sindano.

Sasa Fabrice akapata mchumba, Solange, mtoto mzuri, mkimya, nyumbani kwao Rwamagana. Mimi na kaka yangu tulikwenda kubisha hodi mara ya kwanza (kaka yangu tangu hapo mgongo umemlaza, kwa hiyo siku ya mkasa hakuwepo), tukapokewa vizuri na mama yake. Baba wa binti ni marehemu. Mwenye kumtoa ni baba yake mdogo, bwana mmoja anaitwa Anastazi, anaishi Ulaya, mtu wa saa na mikutano, ambaye alishaahirisha posa mara moja na sasa amepata nafasi ya siku chache tu. Mama Solange akanipigia simu. "Mama, nakuomba, saa nane iwe saa nane. Shemeji yangu saa kumi na moja lazima awe njiani kwenda kupanda ndege. Asipokuwepo yeye hakuna mwingine wa kumtoa mtoto, mpaka arudi mwaka kesho."

Mwaka kesho! Mwenye presha na magoti kama yangu hahesabu mwaka kesho. Nilitaka nimwone Fabrice ameoa nikiwa na macho yangu mawili.

Mama Solange akaongeza kwamba wamekodi bustani ya sherehe hapa Kigali, inaitwa Umutuzo, na lokesheni ameshamtumia Fabrice. Umutuzo maana yake utulivu (ngojeni mcheke). Mimi sikuuliza iko upande gani. Niulize nini, na simu ninayo?

Alhamisi nilipeleka gauni la mteja kule Kimihurura, kwenye majumba ya wakubwa, nikawekwa kusubiri kwenye kibanda cha mlinzi, na katika kusubiri nikasema ngoja niitafute hiyo bustani. Nikaandika neno moja tu, Umutuzo. Ikaja juu kabisa: hema jeupe, majani mabichi, nyota za sifa chungu nzima. Nikabonyeza pa kuhifadhi, nikajipongeza. Mstari wa chini, ule wa mtaa, sikuusoma, una herufi kama mayai ya chawa na miwani nilikuwa nimeiacha kwenye cherehani.

Jumamosi ikafika. Wanawake wa kwetu wote niliwashonea mshanana wa njano, lile vazi letu la kufunga begani, kwa sababu mama Solange alisema hema litapambwa njano na nikataka tulingane. Kosta ya kukodi ikaja, tukapakia makreti na vikapu vya zawadi. Msemaji wetu alikuwa Mzee Gaspari, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyetoka Ngara usiku kwa ajili ya kazi hiyo tu, mtu mwenye ulimi, aliyekaa wiki nzima akipanga maneno. Fabrice akanijia pale mlangoni, shingo imebanwa na tai.

"Bibi, nipe simu ya dereva niweke lokesheni."

"Niachie. Ninayo."

"Una uhakika?"

"Nimekufuta makamasi mimi, leo unaniuliza uhakika?"

Akacheka, akanikumbatia, akaingia gari lingine na Diane na vijana wenzake, kwa sababu kwa desturi muoaji hafiki na wazee. Anajificha karibu mpaka aitwe. Hapo ndipo nilipouza mbuzi wangu kwa mfupa. Neno moja tu, "ninayo".

Njiani Gaspari, ambaye Kigali haijui lakini bendera za balozi aliziona, akauliza, "Shemeji, watu wa Rwamagana wanakuja kukodi bustani huku juu kwenye mabalozi?"

"Wana ndugu wa Ulaya hao," nikamjibu. "Wanapenda lami."

Lakini moyoni swali lake lilibaki. Nikalinyamazisha.

Tukafika kabla ya saa nane. Geti limefunguliwa, hema jeupe, watu wamekaa upande mmoja na upande wa pili viti vitupu vinatungoja, na vijana wa mapokezi walipoona mishanana na vikapu wakatukimbilia kwa furaha, mama karibuni, mzee karibu, zawadi wekeni pale mezani. Tukaketi. Nikainua macho. Maua yote zambarau. Vitambaa zambarau. Mabinti wa mapokezi zambarau kuanzia begani mpaka vidoleni.

Mimi ni fundi. Rangi hainidanganyi. Nikaangalia wanawake wetu wa njano, tumekaa pale kama ndizi zilizoiva kwenye shamba la bilinganya. Nikajisemea, labda wamebadilisha, watu wenye hela hubadilisha. Nikamtafuta mama Solange kwa macho. Hayupo. Labda yuko ndani anamvalisha mtoto. Na katika sisi wote pale aliyewahi kumwona mama Solange ni mimi tu, kwa hiyo wa kusema neno alikuwa mimi tu, na mdomo wangu, ambao Kabeza nzima inaujua, ukakataa kufunguka.

Sasa, kwa asiyejua, huku kwetu binti haombwi moja kwa moja. Wenyeji wanajifanya hawawajui wageni, wanawachokoza, wanasema binti hawana, binti ameingia utawa, na wageni nao wanajibu kwa ufundi, inakwenda hivyo saa nzima watu wanacheka. Ndiyo utamu wake. Ndiyo na mauti yangu.

Msemaji wa wenyeji, mzee mrefu mwenye fimbo, akasimama. "Karibuni. Lakini sisi hatuwajui ninyi."

Hema likacheka. Gaspari akainuka taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. "Kutujua mtatujua tu. Mbona viti mmetupa?"

"Viti tumewawekea wageni wetu kutoka Huye. Ninyi mmetoka wapi?"

"Kabeza!"

"Kabeza? Basi mmepotea njia."

"Tumepotea, baba, ila tumepotelea pazuri!"

Makofi. Wanawake wetu wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kimoja, kifupi. Simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba juu ya mapaja yangu, nikaibana kwa viwiko, ni adabu gani kupokea simu watu wanaposa? Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Tumemfuata binti yenu Solange," Gaspari akasema, na kifua mbele.

"Solange hapa hatuna."

"Ahaaa! Mmemficha!"

"Hatukumficha, hatunaye. Tuna Clarisse."

"Clarisse mtunzieni mchumba wake! Sisi ni Solange tu, mpaka kiama."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Ila mimi nilikuwa namwangalia yule mzee machoni, na macho yake hayakuwa yakicheka tena. Akainama kwa jirani yake, nikamwona midomo inauliza, hawa wamesema Solange? Nikafungua mkoba kidogo, nikachungulia. Misikoli za Diane. Misikoli za Fabrice. Ujumbe: "Bibi mko wapi? Baba mdogo ameshaanza kuangalia saa." Nilijua. Tangu zambarau nilijua, na bado nikajiambia ngoja kidogo, labda dunia itajirekebisha yenyewe nisiaibike.

Dunia ikapiga honi getini. Yakaingia magari, yakashusha watu, wazee wa makoti, wanawake wa mishanana ya zambarau, vikapu kichwani. Watu wa Huye. Wakafika mlangoni pa hema, wakatuona tumekalia viti vyao, wakasimama.

Hema zima likageuza shingo, kwao kisha kwetu.

"Kama wale ndio wageni wetu," yule mzee akasema polepole, "ninyi ni kina nani?"

Na Gaspari, yebaba we, Gaspari hakuwa ameelewa bado! Akanyoosha fimbo kuelekea watu wa Huye, "Wale? Wale ndio waliopotea!" Akacheka. Akacheka peke yake. Sitausahau mcheko ule mpaka naingia kaburini.

Nikasimama. Mwanamke hasemi pale, na mimi nikasema. "Shemeji, kaa chini. Waliopotea ni sisi, na aliyewapoteza ni mimi." Nikageukia wenyeji. "Wazee wangu, nisameheni. Simu iliniambia hapa ni Umutuzo."

"Hapa ni Umutuzo, mukecuru, mama mzee," yule mzee akasema, kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko matusi. "Lakini ziko nyingi."

Nikampigia Diane, kwa haraka nikabonyeza kamera kwanza, uso wangu ukatokea mkubwa kama sinia. Akapokea kabla haijalia.

"Bibi! Mko wapi?"

"Kimihurura."

"Kimi... Bibi, ni Masaka! Masaka! Upande mwingine kabisa!" Kisha akauliza, "Uliandika neno moja, eti?"

"Moja."

Hakunisema. Angenisema ningepona. Akaniambia tu, "Fanyeni haraka, ameshaweka sanduku kwenye gari," simu ikakatika.

Kwa nyuma, ndani ya nyumba, akatoka binti mwenyewe wa pale, amevaa zambarau na shanga kwenye paji, akija kuona posa yake ina nini. Nilitamani ardhi inimeze. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Bibi, ndio ninyi mliosema nitunzwe kwa ajili ya mchumba wangu?"

"Ndio sisi, mwanangu."

Akacheka, Mungu ambariki, akanichukua simu mkononi. "Umeandika jina tu, na ulikuwa huku, ikakupa ya huku. Ilikosea nini?" Akaandika mbele ya macho yangu, jina ndani ya vialama, kisha bustani ya sherehe, kisha Masaka, mtaa, kisha Kicukiro, wilaya. Likaja jibu moja. Moja tu, limekaa peke yake kama mtu mwenye adabu. "Mpe dereva," akasema Clarisse, "na usiguse kitu tena."

Ikabaki kuchukua vikapu vyetu mezani. Jamani. Kutoa zawadi ni raha. Kuirudisha kikapu kwa kikapu, huku watu wa Huye wamepanga mstari wanakuangalia, hiyo ni adhabu ya kanisa. Mama mmoja wa kwao akasema kwa sauti ya kusikika, "Asanteni kwa kutupashia viti moto."

Tukapanda Kosta. Foleni ya pale kwenye jumba la mikutano imesimama, kuna wageni wa serikali wanapita, askari ameinua mkono kama ameusahau juu. Tukaachiwa. Dereva anataka kukimbia, kamera za barabarani hazijui posa, tukaenda kwa mwendo wa maiti na roho zetu zimetangulia. Tukapita tena mbele ya duka langu Kabeza (cherehani yangu naiona kupitia dirishani, miwani juu yake, inanitazama). Na uwanja wa ndege uko njia hiyo hiyo, nao! Kila ndege iliyonyanyuka nilisema ni ile, Anastazi yumo, posa imepanda imeondoka. Nilikuwa nasali rozari kwa vidole kwa sababu rozari yenyewe niliisahau.

"Gaspari," nikamwambia polepole, "wakitukataa?"

"Maneno ninayo," akasema, lakini hakunitazama. "Muda ndio sina."

Masaka tukaingia kwa barabara ya vumbi, mahindi huku, nyumba mpya kule. Saa kumi ilikuwa imepita zamani. Gari la Fabrice liko pembeni ya mti, na yeye amekaa chini kwenye jiwe na suti yake mpya, kichwa mikononi. Alipoona Kosta alisimama, hakupunga mkono.

Getini kulikuwa na gari lingine, mlango wa nyuma wazi, sanduku ndani. Mbele yake bwana mwenye koti la safari, Anastazi bila shaka, na kwa nyuma yake mama Solange, macho mekundu, na nyuma yao hema. Njano. Njano ileile ya kwangu, mpaka nikataka kulia.

Tukashuka. Gaspari akakohoa. Yule bwana akainua mkono kumzuia. Akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema:

"Sisi hatuwajui ninyi. Wageni wetu walikuwa wa saa nane."

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Kwa sababu maneno ni yaleyale, ya mchezo, niliyoyasikia saa ile kule juu. Je, anacheza? Au ametukataa kweli? Nikamwangalia usoni, hakuna kitu, uso umefungwa kama duka Jumapili. Gaspari akafungua mdomo na mimi nikajua kabisa ataanza mbali, ataanza na salamu za mababu, na saa ya yule bwana inakimbia mkononi. Sikumwachia. Nikapita mbele na mshanana wangu umelegea begani, na sijui kilitoka wapi, labda kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwangalia yule binti akiandika.

"Namtafuta Solange," nikasema. "Si Solange yeyote. Solange wa Rwamagana, binti wa marehemu kaka yako, mtoto wa mama huyu aliyesimama nyuma yako analia. Namtafutia Fabrice, si mwingine, mjukuu wangu wa Kabeza, yule pale kwenye jiwe. Awe mke wake. Leo, si mwaka kesho. Aliyechelewesha ni mimi, bibi yake. Hao wengine waondoe kwenye kosa, usiwahesabu."

Yule bwana akaangalia saa yake. Kisha akaniangalia mimi, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

"Mama," akasema, "nimehudhuria posa nyingi, watu wanazunguka mpaka chakula kinapoa. Sijawahi kuombwa hivi." Akageuka nyuma. "Mleteni Solange. Na huyo wa kwenye jiwe naye aje, haraka, ndege haina bibi wa kuichelewesha."

Akawashikanisha mikono palepale getini, mlango wa gari ukiwa wazi. Akawabariki, akakubali kikapu kimoja, akaingia garini, na kabla hajafunga kioo akatoa kichwa: "Sasa tumewajua!" Akaenda. Mama Solange akaniangukia shingoni. Fabrice akaja akanishika mkono, akanitengenezea vazi begani, na mimi ndipo nilipolia, nyumbu mzee.

Gaspari amenuna mpaka leo. "Maneno ya wiki nzima, shemeji," ananiambia kila akipiga simu, "umeyamaliza kwa pumzi moja." Na Solange, kila akija kunitembelea, ananiita Umutuzo, mbele ya wateja.

Basi nimeapa, na kiapo hiki nakiandika ili mnishike nacho: neno moja silitafutii kitu tena maishani mwangu, hata kifungo cha shati. Na mtu mdogo akiniuliza kama nina uhakika, nitavaa miwani kwanza ndipo nijibu. Harusi ya kanisani ni Jumamosi hii. Jina la kanisa nimeliandika lote, ndani ya vialama, na mtaa, na wilaya, Diane akasahihisha. Kisha jana nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda mwenyewe kuliona. Geti ni la bluu. Nimeligusa kwa mkono.